Bibi Harusi, Baggio na Sufuria la Pilau

Hewa ya Bagamoyo haipatani na kitu chochote chenye skrubu. Bati jipya linaota kutu kabla fundi hajamaliza kulipwa, kitasa kinagoma, na feni ya dari inaanza kulalamika mwaka uleule iliponunuliwa. Watalii hutoka mbali kuja kuivuta hewa hiyo na kuisifu. Sisi tunaoivuta bila kiingilio tunajua inachokula. Kwa hiyo Shangazi aliposema anataka mkanda wa video ya harusi yake uhamishiwe kwenye DVD, sikuiogopa kompyuta. Niliuogopa mkanda, uliokaa miaka yote hiyo hatua chache kutoka baharini, chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati, pamoja na vyeti vya ubatizo wa watu ambao hatujui wamefikaje katika ukoo wa Kiislamu.

Na ombi lenyewe halikutokana na kumbukumbu. Lilitokana na jirani. Jirani huyo wa Kaole ana kijana wake Muscat, na kijana amemhamishia mama yake harusi kwenye diski, akamletea na runinga pana ya kuitazamia. Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, sebuleni kwake hapana pa kukanyaga. Shangazi alikwenda, akatazama, akanywa sharubati, akarudi kwake na kunipigia simu.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, baba. Na mimi niliolewa.”

Hakuongeza neno. Kwa Shangazi hiyo ni amri kamili, imeshagongwa muhuri.

Inafaa niwakumbushe waliozaliwa na simu mkononi kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Ile ya taifa ikaja baadaye zaidi. Wenzetu wa Unguja walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, na sisi wa Bagamoyo tulikuwa tunatazamana nao ng’ambo ya maji. Mwenye uwezo aliunganisha mianzi miwili, akafunga antena juu, akaielekeza baharini na kumpandisha mtoto juu ya paa aizungushe. Bahari ikitulia, picha ilikuja. Ikichafuka, chenga tupu. Enzi za Mzee Ruksa milango ya biashara ilipofunguliwa, deki za video zikaanza kushuka kutoka Dubai na Muscat, na mtaa wenye deki ukajikuta una heshima ya pekee na upungufu mkubwa wa viti.

Deki ya mtaa wetu ilikuwa ya Mjomba. Baadaye akaongeza kamera, ile ya kuweka begani, inayomeza kaseti nzima ya VHS. Hapo akawa mpiga video wa kila harusi kuanzia Dunda mpaka Kaole. Mjomba hakusomea kazi hiyo, ila alikuwa na msimamo wake wa kisanaa, nao ulikuwa kitufe cha kuvuta picha karibu. Alikipenda kitufe kile kuliko alivyowapenda wenye shughuli. Hakuna mtu aliyewahi kutia tonge kinywani kwa amani Mjomba akiwa na kamera. Mabwana harusi wengi wa miaka ile wamehifadhiwa kama sikio la kushoto.

Basi deki. VHS ilitolewa na JVC ya Japani mwaka 1976, na kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza mashine zake, Funai, nayo ya Japani, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Taarifa hizo hazikufika Kaole. Shangazi anaamini kwamba Kariakoo hakukosekani kitu, kwa hiyo nikapanda gari mpaka Dar es Salaam kuthibitisha. Kwenye maduka ya vifaa vya umeme nikaonyeshwa king’amuzi, redio yenye taa za disko, na mashine ya kutengenezea bisi. Muuzaji mmoja kijana alinisikiliza kwa adabu kubwa, kisha akanishauri nimwulize babu yake. Hakuwa anatania, babu alikuwa amekaa pale nyuma. Naye akasema ya kwake aliuza kama chuma chakavu.

Ikabidi turudi kwa Mjomba mwenyewe. Deki yake ilikuwa hai, ila imebadilishiwa kazi: imekuwa stuli ya runinga, na juu yake kitambaa kilichofumwa kwa sindano. Nikaibeba mpaka kwa fundi.

Fundi wetu ni Mnyamwezi wa Tabora na mimi ni Mzaramo, kwa hiyo baina yetu hakuna heshima, kuna utani. Utani huo umeletwa na pembe za ndovu. Katika karne ya 19 babu zake walizibeba mabegani kutoka Unyanyembe mpaka hapa Bagamoyo, na babu zangu wakawapokea, wakawasifu kwa nguvu zao, wakawauzia chakula kwa bei ya wageni. Hajasahau.

“Mtani,” akasema akiiweka deki mezani, “babu zangu walileta mizigo huku wakalipwa shanga. Leo umebeba wewe. Nikulipe ngapi?”

Akafungua skrubu. Ndani akatoa mjusi aliyekauka, sarafu ya enzi za Mwalimu, na nusu ya biskuti ambayo mtoto fulani, ambaye sasa ni mhasibu, aliitumbukiza akidhani anailisha. Mpira wa kuzungushia mitambo ulikuwa umeyeyuka na kuwa uji mweusi. Fundi akanitazama kwa huruma.

“Livingstone alipitishwa hapa mwaka 1874 akiwa amekaushwa kwa chumvi na jua. Lakini waliombeba, akina Chuma na Susi, walijua wamebeba maiti. Wewe umeniletea maiti unaniambia ni mgonjwa.”

Hata hivyo akaifufua. Mpira aliutoa kwenye redio kaseti moja ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Kichwa cha kusomea, kile kinachozunguka mara 1,500 kwa dakika, alikisugua kwa spiriti na karatasi huku amebana pumzi. Deki ikawaka, ikaguna, ikatoa harufu ya vumbi lililoungua. Kisha akaomba mkanda, akauinua kwenye mwanga, akatazama kupitia kile kidirisha cha plastiki, akatikisa kichwa.

Mkanda wa saa tatu una urefu wa zaidi ya mita 250 na upana wa milimita 12.7, na harusi yote imo katika unga wa sumaku uliogandishwa kwa gundi juu ya plastiki nyembamba. Gundi hiyo hunyonya unyevu, na unyevu wa pwani hauna haja ya kualikwa. Ukungu mweupe ulikuwa umekaa pembezoni mwa mkanda wote. Fundi akanieleza kwamba tukiuchomeka hivihivi, kichwa kitaubeba ukungu na kuupaka kwenye kila mkanda utakaofuata. Ukaushwe kwanza, taratibu, chumbani, mahali pakavu pasipo na jua. Ndipo aufungue zile skrubu tano na kuufuta.

Maagizo hayo niliyapeleka Kaole kamili, na jua nililitaja. Lakini Mama Mdogo alikuwa amekuja kutembea kutoka Zinga, na katika maisha yake yote neno “kukausha” halijawahi kuwa na maana inayohusu chumba. Asubuhi nilipopita niliukuta mkanda wa harusi umeanikwa juu ya uchaga, katikati ya dagaa, umegeuzwa upande wa pili ili ukauke sawasawa. Paka watatu walikuwa wameuzunguka wakitafakari.

“Jua la leo zuri,” Mama Mdogo akasema.

Kasha la plastiki lilikuwa limejikunja, halifungi. Fundi hakukasirika, watu wa Tabora wana subira na watu wa pwani, wamefanya mazoezi karne nzima. Alitafuta filamu moja ya kikomando ambayo hakuna aliyeidai, akaitoa matumbo, akahamishia magurudumu ya harusi yetu ndani ya kasha lake. Ndiyo maana mpaka leo harusi ya Shangazi imo ndani ya kava lenye picha ya mwanamume kifua wazi aliyeshika bunduki. Shangazi ameliangalia, akasema hakuna neno, marehemu bwana wake naye alikuwa mkali.

Sasa kompyuta. Kuhamisha mkanda kunahitaji kidude kidogo cha kuchomeka USB, kinachopokea nyaya tatu kutoka kwenye deki: wa njano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti. Kazi yenyewe haina njia ya mkato. Mkanda lazima uchezwe mwanzo mpaka mwisho huku kompyuta ikirekodi. Harusi ya saa tatu inahamishwa kwa saa tatu. Nilimweleza Shangazi jambo hili ili asiwe na haraka. Yeye akaelewa kwamba kuna onyesho la saa tatu, akaalika watu.

Walikuja wa Zinga, wa Kerege, wa Mapinga, na Mama Mkubwa mmoja wa Bunju aliyekodi bajaji na kuiambia isubiri. Wakaja na kashata. Jirani mwenye kijana Muscat naye alialikwa, na kuwekewa kiti cha mbele kabisa.

Nikabonyeza. Harusi ikatokea nyeusi na nyeupe, tena inapanda juu, watu wanaingia kwa miguu chini ya skrini na vichwa vinatokeza upya kutoka sakafuni. Kidude kilitoka dukani kimepangwa kwa NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, na mikanda ya kwetu ni PAL. Ni kitu cha kubadilisha kwenye programu, sekunde chache tu. Lakini sekunde hizo zilimtosha Shangazi kugeuka na kumkabili Mjomba mbele ya kadamnasi.

“Mimi nililipia video ya rangi!”

“Rangi niliiweka,” Mjomba akajitetea. “Ndiyo hiyo imetoka juani na dagaa.”

Rangi ikarudi, manung’uniko yakashuka. Tukaona kesha, tukaona wanawake wakisugua singo, tukaona mdundiko ukiingia uwanjani na vumbi lake. Kila sura ilipotokea ililakiwa: huyu marehemu, huyu yuko Tanga, huyu alikuwa na meno. Saa nzima na ushei ilipita vizuri kiasi kwamba nilianza kula kashata. Ndipo giza likaingia. Nyumba nzima ikanyamaza, kisha kila mtu akamtazama mwenzake, kwa sababu kila mtu alikuwa na hakika kwamba luku kanunua mwingine. Umeme uliporudi, faili la video lililokatwa njiani halikufunguka. Programu hukamilisha hesabu zake mwishoni kabisa wakati wa kufunga faili, na faili lisilofungwa kompyuta hailitambui. Nikatangaza kwamba tunaanza upya. Nilitarajia masikitiko. Wakapiga vigelegele na kuagiza kahawa nyingine.

Mara hii tulifika mbali. Nikahi ilipita. Bwana harusi akasindikizwa mpaka mlango wa chumba, akatoa pesa za kufunguliwa, akapandishiwa bei, akaongeza, akaingia. Shangazi kijana alikuwa ameketi kitandani, amefunikwa shela ya kijani yenye nyuzi za dhahabu. Sebule nzima ikainama mbele. Bwana harusi akanyoosha mkono, akashika pindo la shela, akaanza kuliinua.

Akatokea Roberto Baggio.

Picha ilikuwa safi ajabu, hata chenga moja haikuwamo. Alikuwa amevaa jezi ya Italia, mkia wake wa nywele unaning’inia kisogoni, anakokota mpira kuelekea lango la Nigeria. Hakuna aliyesema kitu. Bibi mmoja mkubwa sana, ambaye macho yake hayaoni mbali, ndiye aliyeuliza kwa upole, “Huyu kijana ni wa upande wa bwana harusi?”

Ilikuwa mechi ya Kombe la Dunia ya Julai 5, 1994, kule Marekani. Nigeria walikuwa wanaongoza kwa bao moja, mpaka dakika ya 88 Baggio aliposawazisha, kisha katika muda wa nyongeza akapiga penalti na kuwarudisha kwao. Harusi ilikuwa ya 1993. Kila kaseti ya VHS ina kijipande cha plastiki mgongoni. Ukikivunja, deki inakataa kurekodi juu yake. Shangazi alikuwa amekivunja kwa mkono wake mwenyewe. Lakini dawa ya kidude hicho inajulikana na kila mwenye deki duniani, ni kuziba tundu kwa selotepu, na lile kasha la zamani lililojikunja juani lilipotolewa kwenye mfuko wa fundi, selotepu ilikuwapo bado.

Mjomba hakukana. Alisema mikanda mingine yote siku ile ilikuwa imejaa harusi za watu wasiokuwa ndugu zetu, na wale walikuwa wamelipa. Akaenda mbali zaidi, akageuka mshambuliaji: bao la Nigeria katika mechi ile lilifungwa na Emmanuel Amunike, yuleyule aliyekuja kuwa kocha wa Taifa Stars na kutupeleka AFCON ya 2019 baada ya kuikosa tangu 1980. “Huu si mpira tu,” akasema, “hii ni historia ya nchi.” Shangazi akamwambia historia ya nchi angeirekodi juu ya harusi yake yeye. Tukaitazama mechi mpaka penalti, kwa sababu hakuna aliyethubutu kugusa remoti, na Baggio alipofunga nilimsikia Mama Mkubwa wa Bunju akisema taratibu kwamba kijana anajua kazi yake. Kisha picha ikaruka, na pale pale tukawa tunatazama watu wakila.

Nikarudi nyumbani na faili zima, na huko nikakutana na tatizo la sauti. Mkanda uliochakaa unapopitia sehemu yenye chenga, kompyuta inadondosha picha mojamoja bila kuaga, lakini sauti inaendelea kuirekodi yote. Mwanzoni huoni kitu. Kadiri saa zinavyokwenda, picha inatangulia na sauti inabaki nyuma. Ilipofika kwenye nikahi, tofauti ilikuwa sekunde kadhaa, na sekunde kadhaa katika nikahi ni nyingi mno. Kwenye skrini bwana harusi alichezesha midomo, na ikatoka sauti ya shehe ikimwozesha. Kisha kamera ikamrudia shehe, na shehe, ndevu zake zote, akasikika akisema kwa sauti changa inayotetemeka, “Nimekubali.” Nilipomwonyesha Shangazi alitazama mara mbili.

“Sasa hapo,” akauliza, “mume wangu ni yupi?”

Kulirekebisha hilo ni kazi ya kukata video vipandevipande na kuisogeza sauti kila kipande mpaka midomo ipatane na maneno. Ni kazi ya usiku, isiyo na simulizi, na sitawachosha nayo. La kusimulia ni kikao.

Diski ya DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7, na ukitaka picha ya kuridhisha inabeba kama saa mbili. Harusi ilikuwa saa tatu. Ungeweza kutumia diski mbili, nami nilisema hivyo, lakini jirani mwenye kijana Muscat alikuwa na diski moja, na Shangazi hakutaka ionekane kwamba yake imeshindwa kuenea. Ikabidi pakatwe, na mimi, kwa ujinga wa kupenda haki, nikauliza ndugu wakate nini.

Sikujua kwamba nimefungua mlango wa mahakama. Binamu mmoja, ambaye siku hizi ni ustadhi na hutoa mawaidha redioni, alinipigia usiku wa manane kuulizia kipande cha mdundiko, na kama kweli kiuno kinaonekana. Kinaonekana, Mjomba alikivuta karibu. Shemeji wa Kerege alitaka iondolewe sehemu anayofunga pilau kwenye mfuko wa nailoni na kuutia mkobani. Mama Mdogo alikuwa na mkufu wa dhahabu shingoni ambao mwenyewe, aliyeuazimisha kwa siku moja, alikuwa ameketi pale sebuleni kiti cha pili tangu mwanzo. Na kuna mzee mmoja mtulivu sana, anapita tu nyuma ya watu na kofia yake, aliyekuwa mchumba wa Shangazi kabla ya mchumba aliyeoa. Huyo hakuna aliyeomba akatwe. Shangazi aliuliza tu kama inawezekana kusimamisha picha.

Niliambiwa wote wanataka mkanda uokolewe. Kumbe kila mmoja alikuwa na dakika zake mbili alizokuwa akiuombea ukungu. Mjomba peke yake alipigania kitu kibaki, na kitu chenyewe kilikuwa Baggio.

Kilichohukumiwa kukatwa bila hata kura ni dakika chache za mwisho kabisa wa mkanda, baada ya wageni kuondoka. Mjomba alikuwa ameupeleka mkanda uliobaki kwenye tamasha la Chuo cha Sanaa Bagamoyo, chuo kilichoanza mwaka 1981 na ambacho sasa ni TaSUBa. Panaonekana jukwaa, ngoma, watoto waliokaa chini miguu mbele, na jumba la maonyesho la zamani, lile lililoungua mwaka 2002. Humo hakuna ndugu yetu hata mmoja, ndiyo maana ndugu wakasema kata. Sikukata. Nimekitenga kipande hicho na kukihifadhi mahali pawili, na nikisema ukweli ndicho kipande pekee cha mkanda ule ambacho mtu asiyetujua angekitaka.

Lakini tulikuwa tumefika kwenye kula, nami nimeruka sufuria.

Mama Mdogo alipoteza sufuria katika harusi ile. Lilikuwa sufuria la kupikia pilau ya kilo ishirini, alilolileta kutoka Zinga kuliazimisha shughulini, lenye alama yake ya rangi nyekundu kitakoni ili lisichanganywe na ya watu. Kwa miaka yote hii ameamini lilikwenda Kerege na mashemeji. Hajawahi kulisema waziwazi. Kila shughuli ya ukoo anapokuta watu wa Kerege husema tu kwamba siku hizi anapikia vyombo vidogo. Tulipotazama mara ya tatu, nyuma ya watu wanaonawa mikono, akapita mwanamume amejitwika sufuria kubwa kichwani, limefunika uso wake wote mpaka mabegani, kitako juu.

“Simamisha!”

Nikasimamisha. Kitakoni kulikuwa na wekundu. Mama Mdogo akasema hiyo ni alama yake. Wa Kerege wakasema huo ni moto wa jikoni unamulika. “Kuza,” wakasema wote kwa pamoja, kwa kuwa wameona filamu ambazo polisi hukuza picha mpaka ikasomeka namba ya gari. Lakini picha ya DVD ya PAL ina nukta 720 kwa 576 na si zaidi, na ile iliyotoka kwenye VHS hata hizo haizijazi. Nikakuza. Tukapata miraba. Nikakuza tena, tukapata miraba mikubwa zaidi, na katikati mmoja mwekundu ambao kila upande uliapa nao.

Shauri likaahirishwa. Nikachoma DVD, nikaiandika kwa kalamu nzuri, nikaipeleka Kaole. Runinga mpya ya Shangazi haikuwa na pa kuitia. Deki ya DVD iliyokuwapo ndani ilikuwa imemezwa na hewa. Kompyuta mpya ya binti wa kaka yangu nayo haina tundu la diski, na binti mwenyewe aliishika ile DVD kwa vidole viwili, akaigeuza, akajitazama meno humo.

“Baba Mdogo, si ungetuma tu kwenye gurupu?”

Akakata vipande vyake kwa simu, akavituma kwenye gurupu la ukoo la WhatsApp bila kikao, bila kura, bila kuuliza gigabaiti. Kiuno cha ustadhi kilifika Tanga kabla ya adhuhuri. Baggio akafika Muscat. Kipande cha sufuria binti alikiwekea mshale mwekundu na muziki wa filamu ya kutisha, na chini yake akaandika swali moja tu: nani huyu?

Siku tatu gurupu lote lilikuwa kimya, jambo ambalo halijatokea tangu lianzishwe. Ya nne, asubuhi, bodaboda ilisimama nyumbani kwa Mama Mdogo, Zinga. Haikutoka Kerege. Ilitoka Mlingotini, kwa watu ambao katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyewataja kwa lolote, na nyuma ya dereva lilikuwa limefungwa kwa mpira sufuria la kilo ishirini, limesuguliwa linang’aa. Dereva hakuwa na ujumbe. Alikuwa amelipwa nauli ya kwenda na kurudi, akaondoka upesi.

Mama Mdogo aliligeuza kitako juu. Alama yake ilikuwapo. Akaligonga kwa kidole, akasikiliza mlio, akachungulia ndani, akazunguka nyuma yake. Kisha akachukua simu na kunipigia, na wala hakuitikia salamu.

“Limekuja bila mfuniko,” akasema. “Rudisha mkanda nyuma.”